Tusimfukuze mwanafunzi mlevi kabla ya kujua kinachomsumbua

KATIKA vyuo vikuu vyetu kuna desturi moja iliyozoeleka hivi kwamba hakuna anayeishangaa tena. Mwanafunzi akipatikana amelewa bwenini, au akinaswa na msokoto wa bangi, huandikiwa barua ya kufika mbele ya kamati ya nidhamu. Huko huulizwa maswali machache, husomewa kanuni za chuo, kisha huambiwa akae nyumbani muhula mmoja au miwili. Asiyebahatika hufukuzwa kabisa. Lakini mwanafunzi mwingine akikutwa amejifungia chumbani siku tatu, hali wala haendi darasani, analia bila sababu inayoonekana, huyo huonewa huruma na kupelekwa kwa mshauri wa wanafunzi.

Swali langu kwako, msomaji, ni hili: una hakika gani kwamba hao ni wanafunzi wawili tofauti?

Kwa maoni yangu, mara nyingi ni mtu yule yule, ila amekutwa kwa saa tofauti. Anayelia asubuhi ndiye anayelewa usiku. Ulevi na ule ugonjwa wa huzuni ambao siku hizi huitwa sonona hutembea pamoja, na ukiuadhibu mmoja na kuuhurumia wa pili hutaponya wowote. Kwa sababu hiyo nasema kwamba mwanafunzi anayepatikana ametumia kileo au mihadarati afike kwanza kwa mshauri na kwa daktari. Kamati ya nidhamu ingoje.

HUZUNI SI SONONA

Kabla hatujaenda mbali, ni vyema tuelewane kuhusu maneno. Kila mtu hupatwa na huzuni. Mwanafunzi akianguka mtihani, akiachwa na mpenzi au akifiwa, atahuzunika, na huzuni hiyo kwa kawaida haihitaji daktari. Msongo wa mawazo nao ni ule mzigo anaousikia mtu anapodaiwa karo siku mbili kabla ya mtihani. Mzigo ukitoka, naye hupata nafuu.

Sonona ni kitu kingine. Ni ugonjwa kama vile kisukari ni ugonjwa, na una dalili zake. Madaktari hutazama mambo tisa: huzuni isiyoisha, kukosa hamu ya mambo ambayo mtu aliyapenda, usingizi kupotea au kuzidi, hamu ya chakula au uzito kubadilika, uchovu usio na sababu, kujiona huna thamani au kujilaumu kupita kiasi, kushindwa kukaza fikira, kuzubaa au kuhangaika hadi wengine wakaona, na kuwaza juu ya kifo. Anayeonyesha dalili tano au zaidi kati ya hizo, karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili, na mojawapo ikiwa ni ile ya kwanza au ya pili, hana budi kuonwa na daktari. Huyo hajivunji tu.

Taabu ni kwamba huku kwetu sonona haiji na jina lake. Mgonjwa haendi zahanati akasema ana huzuni. Husema kichwa kinamgonga, kifua kinambana, mwili hauna nguvu. Hupimwa malaria, hupimwa homa ya matumbo, hupewa vidonge vya kutuliza maumivu, akarudi chumbani vile vile alivyokwenda. Kwa vijana wa kiume hali ni mbaya zaidi, kwani tangu utotoni wameambiwa kwamba mwanamume halii. Basi hasemi ana huzuni. Husema, "Twende tukanywe."

ANA HUZUNI YA NINI?

Huenda ukajiuliza, kijana aliyepita mtihani wa KCSE, akapata nafasi ambayo maelfu wanaitamani, ana huzuni ya nini? Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Fikiria maisha yake. Wengi wao wamekaa shule ya bweni miaka minne, wakiamshwa kwa kengele, wakila kwa kengele na kulala kwa kengele. Miezi michache baadaye wamo mjini, na hakuna anayewauliza wamelala wapi. Nyumbani mzee ameuza ng'ombe au kipande cha shamba, harambee imefanywa, na kijiji kizima kinangoja kijana arudi na digrii. Akiona anashindwa na masomo, atamwambia nani?

Pesa nazo zina kisa chake. Waliosoma chuoni miaka ya 1970 na 1980 wanaikumbuka posho ya serikali waliyoiita "boom". Mambo hayo yalikwisha mapema miaka ya 1990 wanafunzi walipotakiwa kuchangia gharama za masomo yao. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ilianzishwa mwaka wa 1995, na tangu hapo maisha ya mwanafunzi wa familia ya kawaida hutegemea siku mkopo unapoingia. Ukichelewa, wapo wanaokula mlo mmoja kwa siku. Ukiingia, pesa za miezi kadhaa huja kwa mpigo mmoja, na baa zilizo mkabala na lango la chuo zinajua tarehe hiyo kuliko wazazi.

Ongeza hapo alama za mtihani zinazopotea ofisini, mwanafunzi akazunguka mwaka mzima akizitafuta huku wenzake wakivaa majoho. Ongeza pia migomo. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulianza Septemba na haukumalizika hadi Novemba. Katika wiki hizo zote, vijana waliokuwa mabwenini na katika vyumba vya kupanga hawakuwa na la kufanya ila kuamka na kungoja.

Katika hali kama hiyo kileo hugeuka kuwa dawa. Neno hilo silitumii kwa mzaha. Mwaka wa 1985 daktari wa akili wa Marekani, Edward Khantzian, aliandika kwamba wengi wa wanaonaswa na mihadarati hawaiendei kwa ajili ya starehe, bali wanatafuta nafuu ya maumivu ya moyo wanayoshindwa kuyastahimili. Yatazame maneno hayo katika bweni lolote nchini. Anayeogopa watu hunywa ili aweze kuzungumza. Asiyepata usingizi huvuta bangi ili alale. Ambaye akili imemchoka hutafuna miraa au muguka ili asome hadi alfajiri. Dawa hiyo hufanya kazi kwa saa chache, na mtego umo katika saa hizo chache.

MKOPO WENYE RIBA

Pombe huonekana kana kwamba inachangamsha, lakini kwa kweli hupunguza kasi ya ubongo. Ubongo nao hujitahidi kujirekebisha, na pombe inapotoka mwilini mnywaji hubaki na moyo unaodunda, mikono inayotetemeka, wasiwasi na majuto. Pombe humlaza haraka, kisha huuvuruga usingizi katikati ya usiku, hivyo akaamka amechoka kuliko alivyolala. Jioni hunywa tena ili kuyazima yale ya asubuhi. Kwa mtu ambaye tayari ana sonona, hali hiyo ni sawa na kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Isitoshe, wengi hawajui hata kiasi wanachokunywa. Chukua ile chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 250. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 40, ndani yake mna takriban gramu 79 za alkoholi halisi. Hizo ni sawa na chupa nne za bia za nusu lita zenye nguvu ya asilimia 5. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 kwa kikao kimoja kuwa unywaji wa kupita kiasi. Kwa hivyo kijana anayekuambia alikunywa kachupa kamoja tu, mpaka huo aliuvuka zamani.

Miraa na muguka zina kemikali iitwayo kathinoni, ambayo kazi yake ubongoni hufanana na ile ya amfetamini. Mtafunaji huwa macho, mwepesi wa maneno na mwenye mipango mikubwa. Ndiyo ile hali inayoitwa handasi. Handasi ikiisha, huja kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula na moyo mzito. Wapo wanaoituliza hali hiyo kwa pombe au kwa vidonge vya usingizi, na kwa njia hiyo uraibu mmoja huzaa wa pili.

Bangi nayo, kwa anayeianza akiwa mdogo na kuivuta kila siku, huongeza hatari ya kurukwa na akili, hasa ikiwa katika ukoo wake kuna ugonjwa wa namna hiyo. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu umri wa miaka 25. Mwanafunzi wa miaka 20 anayejiona mtu mzima bado anaujenga ubongo wake, na anaujenga kwa vifaa hivyo.

Huo ndio mkopo wenye riba ninaouzungumzia. Kijana hukopa saa tatu za nafuu, kisha huzilipa kwa siku tatu za huzuni.

KIPI KILITANGULIA?

Hapa tunafika penye kiini cha maoni yangu. Mwanafunzi akiwa mlevi na pia ana sonona, kipi kilitangulia? Kuna njia tatu. Huenda sonona ilitangulia, naye akatafuta nafuu kwenye chupa. Huenda pombe ilitangulia na kuuharibu moyo wake baadaye. Au huenda yote mawili yalitoka kwenye mzizi mmoja: umaskini, msiba, mateso ya utotoni au ugonjwa unaotembea katika ukoo.

Wataalamu wameona kwamba wengi wa wanywaji wazito wanaoonekana kuwa na sonona huanza kupata nafuu wiki mbili hadi nne baada ya kuacha pombe. Kwa hao, ni pombe iliyoileta huzuni. Wengine huacha, mwezi ukaisha, na huzuni ikawa pale pale. Hao sonona yao inasimama yenyewe, na inahitaji matibabu yake. Hakuna anayeweza kuwatofautisha watu hao wawili kwa kuwatazama usoni, na kamati ya nidhamu haina kipimo hicho. Anayeweza ni daktari au mshauri aliyekaa na mgonjwa kwa wiki kadhaa. Ukimwondoa mwanafunzi chuoni siku ya kwanza, umeikatiza njia ya pekee ya kujua anaugua nini.

Kuna hatari nyingine ambayo wakuu wa vyuo huenda hawaifikirii. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikatizwa ghafla anaweza kutetemeka, kushikwa na kifafa na kuona vitu visivyokuwapo katika siku mbili tatu za kwanza. Hali hiyo inaweza kuua, na huhitaji uangalizi wa daktari. Jiulize basi, mwanafunzi wa namna hiyo anayepewa saa 24 aondoke bwenini anapelekwa wapi? Hupanda basi la usiku peke yake akiwa na sanduku lake na barua.

Kadhalika, zilikuwapo siku ambapo wagonjwa waliambiwa waache pombe kwanza, ndipo warudi kutibiwa huzuni. Siku hizi inajulikana kwamba ni bora magonjwa haya mawili yatibiwe kwa pamoja. Anayesubiri moja liishe ndipo aanze la pili hungoja sana.

SERIKALI IMETUTANGULIA

Wale wanaodhani kwamba ninapendekeza jambo geni na waitazame sheria ya nchi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, ambaye angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mgonjwa aliyeokolewa wodini aliweza kutoka mikononi mwa muuguzi na kuingia mikononi mwa polisi. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba.

Uamuzi huo haukutoka hewani. Mwaka wa 2020 jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza kwamba magonjwa ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka wa 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho. Hatua kwa hatua, nchi imekubali kwamba mtu aliyekata tamaa hatibiwi kwa pingu.

Ikiwa serikali yenye polisi na magereza imelikubali hilo, mbona vyuo vikuu, vyenye vitivo vya udaktari na vya saikolojia, viendelee kutumia barua ya kufukuza kama dawa?

Tusisahau pia ukubwa wa jambo tunalolizungumzia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa umri wa miaka 15 hadi 29 ulimwenguni. Kileo huondoa woga na kumfanya mtu atende kwa pupa jambo ambalo angelifikiria mara mbili akiwa mzima. Sasa mchukue kijana mwenye sonona, mwenye kileo mwilini, umpe barua ya aibu ambayo hawezi kumwonyesha mama yake. Hatari tatu zimekutana katika mtu mmoja kwa siku moja. Hiyo ndiyo sababu jambo hili haliwezi kungoja.

JE, NAWATETEA WALEVI?

Wapo watakaosema kwamba nawatetea walevi, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Nakubali kwamba chuo bila nidhamu si chuo. Anayewapiga wenzake akiwa amelewa lazima awajibike. Anayeuza bangi na vidonge mabwenini ni mfanyabiashara wala si mgonjwa, na mahali pake panajulikana. Lakini anayetumia na anayeuza si mtu mmoja, na kanuni inayowapa adhabu moja humnufaisha muuzaji, kwa maana mteja aliyeumia ataogopa kusema alinunua kwa nani.

Wengine watasema washauri ni wachache na pesa hakuna. Ni kweli kwamba madaktari wa akili nchini ni haba na wengi wamekaa mijini. Hata hivyo, tuna mfano wa humu humu nchini. Katika mpango uitwao Shamiri, vijana waliokuwa wametoka tu shule ya sekondari walifunzwa kuongoza vikundi vya wanafunzi wenye dalili za sonona na wasiwasi, kwa vikao vinne vya saa moja. Walizungumza kuhusu imani kwamba mtu anaweza kubadilika, kuhusu shukrani, na kuhusu mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka wa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, ulionyesha kwamba dalili za wanafunzi hao zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana. Ikiwa aliyemaliza sekondari juzi anaweza kufunzwa kazi hiyo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza pia.

Napendekeza basi mambo manne. Kwanza, anayepatikana ametumia kileo au mihadarati kwa mara ya kwanza afike kwa mshauri wa chuo katika siku chache, kabla ya kikao chochote cha nidhamu. Pili, anayoyasema huko yabaki huko. Faili ya mshauri isifunguliwe na kamati, kwani mwanafunzi akijua kwamba machozi yake yatasomwa mbele ya wakuu wa idara, hatalia. Tatu, anayehitaji matibabu ya muda mrefu apewe likizo ya ugonjwa na nafasi yake ihifadhiwe, sawa na aliyevunjika mguu. Nne, baa zilizozingira vyuo zitazamwe upya. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliweka mita 300 kati ya baa na shule za walio chini ya umri wa miaka 18. Malango ya vyuo vikuu hayakupata kinga hiyo. Sera iliyozinduliwa na serikali Julai 2025 ilipendekeza umri wa kuuziwa pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Mjadala huo ni mzuri, lakini anayeugua leo hawezi kungoja uishe.

WEWE UFANYE NINI?

Mzazi, ukipigiwa simu kwamba mwanao analewa, usianze kwa kumwambia ulichouza ili asome. Anakijua, na huenda ndicho kinachomkosesha usingizi. Muulize analalaje siku hizi, anakula nini, na mara ya mwisho alifurahi lini. Kisha nyamaza umsikilize. Mchungaji na imamu wana nafasi yao, wala sisemi waachwe, lakini wasichukue nafasi ya daktari.

Wewe unayeishi naye chumba kimoja ndiwe utakayeona kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukimwona anagawa vitu vyake, anaaga kana kwamba anasafiri, au anasema haoni haja ya kuishi, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Wengi husikia nafuu kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Usimwache peke yake, ondoa vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na umpeleke hospitali iliyo karibu usiku huo huo. Ukimwahidi kwamba hutamwambia mtu, hiyo ni ahadi unayoruhusiwa kuivunja.

Nawe mwanafunzi unayesoma haya, zihesabu zile dalili tisa. Zikiwa zimekuandama wiki mbili, nenda kwenye zahanati ya chuo au hospitali ya kaunti, na umweleze daktari pia unachokunywa, unachovuta na unachotafuna, bila kupunguza. Wengi huogopa kwa sababu ya jina la Mathari, hospitali iliyoanza 1910 na ambayo mitaani imefanywa tusi. Ukweli ni kwamba wengi wa wenye sonona hawahitaji kulazwa popote. Wapo wanaopona kwa mazungumzo na mshauri. Wapo wanaopewa dawa kama vile fluoksetini, ambayo huchukua wiki mbili hadi sita kabla ya nafuu kuonekana, haina uraibu kama wa pombe, na haipaswi kukatizwa bila daktari kujua. Usiichanganye na kileo. Ikiwa unakunywa kila siku, usijikatize ghafla peke yako. Mwambie daktari akuelekeze.

Ukitaka kuzungumza na mtu bila kuonekana, nambari ya simu ya NACADA ni 1192, na ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199. Zote mbili ni za bure.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo tumezoea kumwambia mgonjwa, lakini leo nawaambia wakuu wa vyuo vyetu. Chuo kinachomfukuza mwanafunzi mlevi hakijauondoa ugonjwa. Kimeuhamisha kutoka bwenini, ambako kuna mshauri na zahanati, hadi kijijini ambako hakuna yeyote kati ya hao, kisha kikaandika kwenye ripoti kwamba nidhamu imerejea. Muhula ujao kitanda hicho kitapewa mwanafunzi mwingine, mwenye karo ile ile ya kudaiwa na baa ile ile langoni. Huyo naye tutamwuliza nini kwanza?